Mwongozo kamili: Kuendesha elimu ya uraia na haki ya kuvuka mpaka katika mialo ya Ziwa Victoria

Mpaka wa Tanzania na Uganda ndani ya Ziwa Victoria unafuata latitudo ya digrii 1 kusini mwa ikweta, na juu ya maji hakuna nguzo wala boya la kuuonyesha. Tanzania ina asilimia 51 ya ziwa hili, Uganda 43 na Kenya 6, lakini hesabu hizo ziko kwenye ramani. Mvuvi aliyetoka kambini usiku hufuata samaki na upepo, na mara nyingi hutambua kwamba amevuka pale boti ya doria inapomsogelea na kumuuliza karatasi zake. Nchi kavu hali haina tofauti kubwa. Wakurya na Waluo wana mashangazi na wajomba pande zote mbili za Sirari, kwenye mpaka wa Kenya, Wahaya wana ndugu ng'ambo ya Mutukula, kwenye mpaka wa Uganda, na katika soko la Mwaloni Kirumba, jijini Mwanza, dagaa na kayabo (sangara waliokaushwa kwa chumvi) hununuliwa na wafanyabiashara wanaotoka Kongo, Rwanda na Burundi.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wasaidizi wa kisheria, viongozi wa BMU (vikundi vya wavuvi vinavyosimamia mwalo, yaani ufukwe wa kushushia samaki), watendaji wa vijiji, walimu na vikundi vya wanawake wanaochakata dagaa, yaani watu wanaoweza kusimama mbele ya majirani zao na kuwaeleza uraia ni nini na kuvuka mpaka kihalali kunafanyikaje. Msimamo wangu, baada ya miaka kadhaa ya kazi hii, ni kwamba elimu ya namna hii isianze na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ianze na sanduku la bati lililo chini ya kitanda, ambamo cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki na kadi ya mpiga kura vimekunjwa pamoja, kwa sababu haki ya kuvuka ni ya raia wa nchi mwanachama, na mtu asiyeweza kuonyesha kuwa yeye ni raia wa nchi yoyote hubaki nje ya haki hiyo hata kama itifaki ya Jumuiya imemtaja mara mia.

Hatua ya kwanza: jifunze sheria ya uraia kabla ya kumfundisha mwingine

Sheria ya Uraia ya Tanzania, Sura ya 357, ilitungwa mwaka 1995, nayo inataja njia tatu za kuwa raia: kuzaliwa, kurithi na kuandikishwa. Mwezeshaji anapaswa kuzijua zote tatu kwa undani, maana maswali ya mwaloni hayafuati mpangilio wa kitabu.

Kuhusu kuzaliwa, maneno ya sheria yanasema kwamba aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano tangu siku ya Muungano, tarehe 26 Aprili 1964, ni raia, isipokuwa kwa makundi machache kama watoto wa wanadiplomasia. Ukiishia hapo utampotosha msikilizaji. Mezani kwa ofisa, mtu anayeomba pasipoti huulizwa pia habari za wazazi wake, na cheti cha kuzaliwa cha mzazi au kiapo kinachoshika nafasi yake ni sehemu ya maombi. Kwa hiyo fundisha yote mawili: sheria ilivyoandikwa, na utaratibu unavyokwenda. Mtu aliyezaliwa kisiwani na wazazi wote wawili wageni asiondoke mkutanoni akiamini kwamba cheti chake cha kuzaliwa peke yake kimemaliza kazi.

Uraia wa kurithi ni wa mtoto aliyezaliwa nje ya nchi na baba au mama Mtanzania. Mama anatosha, jambo hili lirudiwe, kwa kuwa wanawake wengi waliojifungua Kenya au Uganda bado wanaambiwa kwamba mtoto hufuata baba tu. Hata hivyo urithi huo una kikomo. Mzazi ambaye yeye mwenyewe ni raia wa kurithi hawezi kumpitishia mtoto wake aliyezaliwa nje kwa njia hiyohiyo.

Kuandikishwa ndiyo njia ndefu. Mwombaji anapaswa awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na ndani ya miaka kumi iliyotangulia miezi hiyo awe amekaa jumla ya miaka isiyopungua saba. Awe anajua Kiswahili au Kiingereza. Awe na tabia njema. Na maombi yake hutangazwa magazetini ili mwenye pingamizi alitoe. Mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania ana kifungu chake cha kuombea, lakini ndoa pekee haimfanyi raia, ingawa mtaani husemwa kwamba ameolewa huku basi ni wa huku. Mwanamume mgeni aliyeoa Mtanzania hana kifungu cha namna hiyo, naye hupita njia ya jumla. Wanawake huniuliza kila mara kwa nini iwe hivyo, na sijawahi kupata jibu linalowaridhisha, wala mimi mwenyewe haliniridhishi.

Jambo la mwisho katika hatua hii ni uraia pacha. Kenya na Uganda zinauruhusu. Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Mtoto wa baba wa Rorya, Tanzania, na mama wa Migori, Kenya, anaweza kukua akiwa na haki pande zote mbili, lakini akishafikia utu uzima upande wetu unamtaka achague mmoja. Kijana aliyechukua kitambulisho cha Kenya ili apate kazi Kisumu, kisha akarudi kuomba pasipoti Mwanza, amejitia katika tatizo ambalo hakulijua siku anapiga picha ya kile kitambulisho.

Hatua ya pili: omba ruhusa, halafu uulize mwezi

Andika barua kwa mtendaji wa kijiji na nakala yake ipelekwe kwa mtendaji wa kata na ofisi ya mkuu wa wilaya, ukieleza mada, siku, saa na mahali. Uongozi wa BMU upewe taarifa mapema, kwani mwaloni wao ndio wenyeji. Haya hayana ugumu.

Ugumu uko kwenye tarehe. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza, na mbalamwezi inapokuwa kubwa mitumbwi hulala ufukweni. Mgeni wa kazi hii hufikiri kwamba siku za mbalamwezi ndizo bora kwa mkutano, kwa kuwa wavuvi hawaendi ziwani. Sivyo. Siku hizo vijana wa kambini huenda makwao, na mwaloni hubaki na matajiri wenye mitumbwi, mama lishe wawili na mbwa. Siku nzuri ni zile mbili au tatu ambapo giza linaanza kurudi: wavuvi wamesharejea, wanashona nyavu na kuchaji betri za taa, na kuanzia saa nne asubuhi hawana la kufanya. Wanawake wanaoanika dagaa wao huwa huru zaidi kabla ya mtumbwi wa kwanza kuleta mzigo. Jua kali likishatoka na dagaa wako mchangani au kwenye vichanja, hakuna mama atakayeacha kuwageuza ili asikilize habari za itifaki.

Hatua ya tatu: usimuulize mtu uraia wake hadharani

Katika mkutano wangu wa kwanza, kwenye kisiwa kimoja cha Ukerewe, nilipitisha karatasi ya mahudhurio niliyoiandaa kwa uangalifu mkubwa, yenye safu ya jina, umri, kijiji na uraia. Ilipofika benchi la tatu watu walianza kuinuka mmojammoja, wakisema wanakwenda kuangalia moto. Nusu yao hawakurudi. Mzee mmoja alinisogelea baadaye akanieleza kwa upole: "Mwanangu, hapa watu bado wanakumbuka Kimbunga." Alikuwa akizungumzia oparesheni ya mwaka 2013 ya kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali katika mikoa ya Kagera, Geita na Kigoma, ambayo habari zake zilisambaa makambini kote, hata kwenye visiwa ambako haikufika.

Tangu siku hiyo karatasi ya mahudhurio ina safu mbili tu, jina na kijiji, na anayependa kuandika jina moja huandika jina moja. Usipige picha nyaraka za watu. Usimwalike ofisa mwenye sare katika mkutano wa kwanza. Mwalike katika mkutano wa pili, baada ya watu kuwa na maswali yao tayari, na hapo atapokewa kama mtaalamu badala ya kukimbiwa. Anayetaka kukueleza habari zake za ndani mtengee sehemu pembeni, chini ya mti au nyuma ya ofisi ya BMU, na umhakikishie kwamba hayo yanabaki kati yenu.

Hatua ya nne: fungueni sanduku

Waombe watu, siku mbili kabla, waje na karatasi walizo nazo, ziwe zozote. Usiseme "nyaraka za uraia", kwa sababu wengi watajibu kwamba hawana. Sema karatasi. Utashangaa vinavyotoka.

Bibi mmoja muanika dagaa alifungua fundo la kanga akatoa mfuko wa nailoni, ndani yake mfuko mwingine, na ndani ya huo kipande cha kadi ya ubatizo chenye mhuri wa parokia uliofifia, jina lake likiwa limeandikwa kwa kalamu ya wino na herufi moja imeliwa na mende. Nilimwamkia, naye akaitikia akiwa bado anaikunjua kwa ncha za vidole, akauliza: "Sasa mjukuu wangu, hii nayo inasema mimi ni wa wapi?" Ilisema. Ilikuwa na mahali pa kuzaliwa na majina ya wazazi wote wawili, na kwa mtu wa umri wake aliyezaliwa kabla vyeti havijawa jambo la kawaida visiwani, hiyo ilikuwa msingi mzuri wa kiapo na wa kuombea cheti cha kuzaliwa kwa kuchelewa.

Baada ya kufungua masanduku, eleza kila karatasi kazi yake. Cheti cha kuzaliwa hutolewa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na kwa mtoto wa chini ya miaka mitano usajili hufanyika bila malipo kwenye vituo vya afya na ofisi za watendaji wa kata. Hakuna sababu ya mama wa kambini kusubiri mpaka mtoto atakiwe shuleni. Kadi ya kliniki na tangazo la kizazi zisitupwe. Kitambulisho cha Taifa hutolewa na NIDA, Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, na fomu yake hupita kwa mtendaji wa kijiji au mtaa anayethibitisha kwamba anakufahamu. Ndiyo maana mvuvi anayehama mwalo kila msimu hupata taabu, maana hakuna mtendaji aliyekaa naye vya kutosha kumthibitisha. Ushauri wangu kwa vijana wa namna hiyo ni waende wakaandikishwe kijijini kwa wazazi wao wakati wa mbalamwezi, siku ambazo wanakwenda nyumbani hata hivyo. Kadi ya mpiga kura inasaidia kama ushahidi wa ziada, lakini isichukuliwe kuwa hati ya uraia yenyewe.

Kisha lifanyike zoezi ambalo naliona kuwa na faida kuliko hotuba zote: kulinganisha. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Kila mtu aisome namba yake na kuilinganisha na cheti chake cha kuzaliwa na cheti cha shule. Utakuta Otieno aliyeandikwa Otiano, Nyamizi aliyezaliwa Machi upande mmoja na Mei upande mwingine, mtu aliyeandikishwa shule kwa jina la mjomba aliyemlea. Tofauti ndogo za namna hii ndizo zinazokwamisha maombi ya pasipoti kwa miezi, na mwenyewe huzigundua akiwa ameshafunga safari hadi mjini. Zikigunduliwa kijijini hurekebishwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili au hakimu, kwa hati ya kubadili jina, au kwa maombi ya marekebisho kwenye taasisi iliyokosea, kutegemea kosa lilipo.

Zoezi hili lichukue muda mrefu. Likichukua siku nzima na hatua inayofuata ikasogezwa hadi siku ya pili, hakuna hasara.

Hatua ya tano: eleza haki ya kuvuka, pamoja na mipaka ya haki hiyo

Sasa ndipo Jumuiya inapoingia. Mkataba wa kuianzisha upya ulisainiwa tarehe 30 Novemba 1999 na kuanza kutumika tarehe 7 Julai 2000; Rwanda na Burundi ziliingia mwaka 2007, Sudan Kusini 2016, Kongo 2022 na Somalia 2024. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na Ibara yake ya 7 ndiyo inayozungumzia watu kutembea huru: raia wa nchi mwanachama anaingia nchi nyingine mwanachama bila viza, anakaa, anatembea ndani yake, anatoka, na wakati wote huo analindwa na sheria za nchi aliyomo. Kanuni zake zinasema apewe pasi ya kukaa hadi miezi sita bila malipo. Neno "bila malipo" lisemwe polepole na kwa sauti. Wanafunzi wana pasi yao, nayo hailipiwi.

Kuingia Jumuiya na kutekeleza itifaki ni mambo mawili, hivyo anayekwenda kwa wanachama wapya aulize Uhamiaji au ubalozi kabla ya kukata tiketi.

Hapa ndipo huwa naweka swali ambalo huleta kelele: je, kitambulisho cha NIDA kinatosha kuvuka Sirari? Wengi hujibu ndiyo, kwa sababu wamewaona Wakenya wakiingia Uganda kwa vitambulisho vyao. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana hivyo tangu mwaka 2014, na itifaki inaziruhusu nchi zinazotaka kufanya hivyo. Tanzania haimo katika mapatano hayo. Mtanzania anavuka kwa pasipoti, au kwa Hati ya Dharura ya Safari ambayo Uhamiaji huitoa kwa safari za muda mfupi za nchi jirani. Na ndugu yetu wa Migori anayekuja harusini Tarime naye anahitaji pasipoti au hati ya safari inayotambuliwa, kitambulisho chake hakimtoshi. Ada ya pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000, na kwa mama anayeuza dagaa kwa debe hizo ni fedha nyingi, kwa hiyo hati ya dharura ielezwe vizuri, isitajwe kama jambo la pembeni.

Eleza pia kwamba kuna mahali pa kuvukia. Kwa nchi kavu, kanda yetu ina Sirari kuelekea Kenya, Mutukula kuelekea Uganda, Rusumo kuelekea Rwanda na Kabanga kuelekea Burundi, na vyote vinne ni vituo vya pamoja, ambapo maofisa wa nchi mbili huketi jengo moja. Utaratibu wake unawachanganya watu. Anayetoka Tanzania haandikiwi kutoka upande wa Tanzania. Hupita moja kwa moja hadi jengo la nchi anayoingia, na humo hugongewa mhuri wa kutoka na wa kuingia. Nimeonana na abiria waliopita Sirari, wakaona hakuna aliyewasimamisha, wakadhani wameshamaliza, wakapanda gari kuelekea Migori bila mhuri wowote. Bodaboda anayekuambia anajua njia ya panya ya kukwepa foleni anakuuzia tatizo hilohilo kwa nauli ya juu: siku utakapoulizwa, utakuwa mtu aliyeingia nchini bila kuonekana, na haki ya miezi sita haitakusaidia kwa kuwa hakuna siku ya kuanzia kuihesabu.

Kwa upande wa ziwa jambo hili ni zito zaidi. Mtu anayeingia nchi nyingine kwa mtumbwi lazima aripoti kwenye bandari au kituo kilichoidhinishwa na chenye ofisa wa uhamiaji. Kutua kwenye mwalo wowote na kwenda kulala kwa shemeji ni kosa, hata kwa raia wa Jumuiya. Tena wavuvi waambiwe bila kupambwa: uhuru wa watu kutembea hauwapi ruhusa ya kuvua. Leseni ya uvuvi ya Tanzania inaishia kwenye maji ya Tanzania, na mwenye pasipoti safi akikutwa anatupa nyavu ng'ambo ya mstari atashtakiwa kwa sheria za uvuvi za huko. Msemo wa makambini kwamba "Afrika Mashariki ni moja" umewapotezea watu injini na nyavu.

Haki ya kuvuka ina mipaka iliyoandikwa ndani ya itifaki yenyewe: usalama wa umma, sera ya umma na afya ya umma. Ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa mkoani Kagera mwezi Machi 2023, ukaguzi wa afya mipakani uliongezeka, na huo haukuwa uonevu. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwekwe pamoja na pasipoti. Tangu Julai 2016 chanjo hiyo inahesabiwa kuwa ya maisha yote, kwa hiyo anayekuambia kwamba kadi yako ya miaka kumi iliyopita imekwisha muda amekosea.

Hatua ya sita: tenganisha kutembelea, kufanya kazi na kufanya biashara

Pasi ya mgeni si kibali cha kazi. Aliyepata ajira ya zaidi ya siku 90 katika nchi nyingine mwanachama anatakiwa aombe kibali ndani ya siku 15 za kazi tangu mkataba ufungwe, na mamlaka zinapaswa kumjibu ndani ya siku 30. Kijana anayekwenda kuendesha mtumbwi wa tajiri wa Kisumu "kwa miezi miwili tu" ajue kwamba hata hiyo miezi miwili ina pasi yake maalumu.

Mfanyabiashara mdogo ana unafuu wake. Mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, wenye bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa, unapita kwa utaratibu rahisi na cheti rahisi cha uasili wa bidhaa ambacho hutolewa mpakani na forodha bure. Hakikisha akina mama wanalijua hili, maana wengi huwapa mawakala fedha kwa karatasi ambayo hailipiwi. Hata hivyo dagaa na kayabo bado wanahitaji vibali vya uvuvi na cheti cha afya, na unafuu wa ushuru haufuti hayo.

Upande wa pili, yaani majirani wanaokuja kufanya biashara kwetu, usikwepwe. Julai 2025 Wizara ya Viwanda na Biashara ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo huduma za fedha kwa simu, ufundi wa simu, saluni, uuzaji wa rejareja na ununuzi wa mazao shambani. Asiye raia akikutwa nayo adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi sita, na raia anayemsaidia naye ana adhabu yake. Wako wanaoona kwamba amri hiyo inagongana na haki ya kuanzisha shughuli iliyomo kwenye itifaki, na mimi ni mmoja wao. Lakini kazi ya mwezeshaji mwaloni ni kueleza sheria inayotumika leo, ili Mtanzania asiandikishe kibanda cha shemeji yake Mkenya kwa jina lake akidhani anatenda wema usio na gharama.

Hatua ya saba: wafundishe la kufanya mtu anapozuiwa au kutiliwa shaka

Ibara ya 17 ya Katiba ya mwaka 1977 inampa raia haki ya kwenda kokote nchini, kutoka na kurudi, na kutofukuzwa. Mtu anapoambiwa kwamba uraia wake unatiliwa shaka, asibishane na asikimbie. Aombe kuelezwa anatuhumiwa nini, aandike jina la ofisa, kituo na saa, na asisaini maelezo asiyoyasoma au asiyosomewa. Hati zake zikichukuliwa aombe maandishi ya kupokelewa. Karatasi ndogo yenye mhuri na tarehe inatosha. Ndugu wapeleke nakala za vyeti na wamtafute mwenyekiti wa kitongoji, mwalimu aliyemfundisha au jirani wa wazazi wake aje kutoa ushahidi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, nao hawamtozi asiye na uwezo. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora inapokea malalamiko, na Mahakama Kuu inaweza kupitia uamuzi wa ofisa.

Kesi mbili zinafaa kusimuliwa kikamilifu, kwa sababu watu husahau ibara lakini hawasahau kisa. Ya kwanza ni ya Anudo Ochieng Anudo dhidi ya Tanzania, iliyoamuliwa Arusha na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu tarehe 22 Machi 2018. Huyu alikuwa akifuatilia taratibu za ndoa mwaka 2012 pale uraia wake ulipotiliwa shaka na pasipoti yake ikazuiliwa. Mwaka 2014 alipelekwa Kenya, Kenya nayo ikamkataa, akabaki kuishi kwenye ukanda wa ardhi usio wa upande wowote karibu na Sirari. Mahakama ilisema kwamba, kwa kuwa alikuwa na nyaraka za Tanzania, serikali ndiyo iliyopaswa kuthibitisha kuwa yeye si raia, na kwamba alinyang'anywa uraia kiholela. Ongeza kwamba Tanzania iliondoa tamko la kuwaruhusu watu binafsi kufungua kesi dhidi yake moja kwa moja kwenye mahakama hiyo, na uamuzi huo ulianza kutumika tarehe 22 Novemba 2020, ili asije mtu akauza ng'ombe kwa ajili ya mlango ambao kwake umefungwa.

Mlango ulio wazi ni Mahakama ya Afrika Mashariki, nayo iko Arusha. Samuel Mukira Mohochi, wakili wa Kenya, alizuiwa kuingia Uganda alipotua Entebbe tarehe 13 Aprili 2011 na kurudishwa alikotoka bila kupewa sababu za maana. Alishtaki, na tarehe 17 Mei 2013 mahakama hiyo ikaamua kwamba Uganda ilikiuka Mkataba na Itifaki. Raia yeyote wa Jumuiya anaweza kufanya hivyo bila kupitia kwanza mahakama za nchini, na kuna masijala ndogo Dar es Salaam, lakini muda ni miezi miwili tu tangu tukio au tangu alipolijua. Miezi miwili kwa mvuvi ni giza mbili. Anayezuiwa mpakani anapaswa kuomba sababu kwa maandishi siku hiyohiyo, maana akirudi ziwani kwanza ili afikirie, muda utakuwa umekwisha.

Hatua ya nane: rudi

Weka daftari moja, lisiloonyeshwa mtu, lenye jina la aliyekuja pembeni, karatasi anayokosa, ofisi anakotakiwa kwenda na tarehe ya kukutana tena. Kwenye ukurasa wa bibi yule wa kadi ya ubatizo niliandika: kiapo, RITA, picha mbili, asisafiri peke yake. Giza lililofuata nilipomrudia alikuwa ameshapata kiapo, lakini jina la baba yake lilikuwa limeandikwa bila herufi ileile iliyoliwa na mende, kwa hiyo tulipanda boti asubuhi iliyofuata kwenda kulirekebisha.